Kingipini mpya, stelingi nzito: pa kuangalia kabla hujalaumu bushi ya shaba

"Fundi, nimefunga kingipini mpya juzi, na stelingi imekuwa nzito kuliko wakati zile za zamani zimekwisha."

Dereva aliyeniambia hivyo alikuwa ametoka Kibaigwa na Fuso la mahindi, viganja vimeota malengelenge. Alikuwa ameshakata shauri kwamba ameuziwa bushi feki. Tulipoinua gari na kutoa pini tukakuta bushi nzima, shaba safi, haina hata mkwaruzo. Ila hakuna aliyezipima baada ya kuzishindilia. Kazi ya nusu saa iliyorukwa ndiyo iliyomtesa mtu huyu njia nzima.

Naandika kwa mafundi wenzangu wa hapa Dodoma na wa njia zinazotoka hapa, za Kondoa, Singida na Mtera, na kwa wenye magari wanaotaka kujua wanalipia nini. Bushi ya kingipini ni kitu kidogo, kama kikombe cha kahawa kisicho na kitako. Nje inashindiliwa ndani ya stabu, kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Ndani yake inapita kingipini yenyewe, pini ya chuma kigumu iliyosimama kwenye ncha ya ekseli ya mbele. Juu bushi moja, chini bushi moja. Kwa hiyo shaba ile ile inatakiwa ibane nje isizunguke, na ndani ilegee kidogo sana ili pini na shaba vitenganishwe na utando wa grisi. Nikifuatilia magari yaliyorudi gereji baada ya kufungwa, karibu yote nakuta mtu alishughulikia upande mmoja wa bushi akausahau mwingine.

Kwanza hakikisha ni kingipini

Gurudumu la mbele likicheza, watu wanakimbilia kingipini. Subiri. Inua ekseli mpaka tairi iache ardhi, weka mbao chini ya ekseli (usiamini jeki peke yake), kisha shika tairi juu na chini uitikise. Ukisikia inacheza, mwambie mwenzako akanyage breki aishikilie, utikise tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu, maana breki imeshaunganisha gurudumu na stabu. Ukibaki vile vile, hapo ndipo pini na bushi. Chungulia pale stabu inapokutana na ekseli, utaona kabisa zinavyoachana na kurudiana.

Kama tairi inacheza kushoto na kulia tu, juu na chini haichezi, angalia tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele yageuke pamoja, na viungo vyake kabla hujagusa kitu kingine.

Stelingi nzito baada ya kufunga mpya

Dalili zake: dereva anakata kona, akiachia stelingi haijirudishi. Gari linatangatanga barabarani kwa sababu kila sahihisho dogo linazidi kipimo. Ukitenganisha tairodi na kusukuma gurudumu kwa mkono likiwa juu, linagoma au linasogea kwa kushtuka-shtuka.

Bushi inabadilika ukubwa ikishashindiliwa. Ukiwa nayo mkononi dukani, ukaipitisha pini ikaingia vizuri, hujapima kitu bado. Chukua mfano wa namba. Nje ya bushi ni milimita 45.08, shimo la stabu ni 45.02. Zimebanana kwa 0.06. Hiyo 0.06 lazima iende mahali. Chuma cha stabu ni kinene, hakisogei. Shaba ni nyembamba na laini, basi inajibana kuelekea ndani. Bushi iliyokuwa na 40.05 ndani inakuwa 40.00 hivi, na pini yako ni 39.99. Imebaki 0.01, nafasi ambayo grisi haiwezi kukaa. Unywele wa kichwani tu una unene wa 0.07 hivi. Pini itaingia kwa nyundo, fundi atasema "imekaa vizuri, haina mchezo", na mwenye gari ataondoka na kesi.

Dawa ni kupima baada ya kushindilia, kisha kupitisha rima, chuma chenye meno ya kunyoa ndani ya shimo, mpaka kipimo cha gari husika. Kwenye malori niliyoshika, nafasi ninayoiacha ni kati ya 0.03 na 0.08, ila kitabu cha gari ndicho kinachoamua, si mimi. Vernia ya kawaida haifai hapa, makosa yake peke yake yanaweza kumeza nafasi yote. Tumia mikromita kwa pini, na kipimo cha ndani chenye saa kwa bushi. Pima juu, katikati na chini, halafu geuza robo mzunguko upime tena, maana bushi iliyoingia kwa upogo inakuwa yai.

Rima nayo ina adabu zake. Inazungushwa upande mmoja tu, wa kukata, hata unapoitoa. Ukiirudisha kinyume, chembe zinabanwa nyuma ya meno, zinayavunja makali na kuchora bushi. Kula kidogo kidogo, toa, futa, pima. Kubwa zaidi, tumia rima ndefu yenye mwongozo, ile inayoshikwa na bushi ya juu wakati inakata ya chini. Ukikata kila bushi kivyake, kila moja itakuwa na kipimo sahihi lakini hazitaangaliana. Utaijua hali hiyo kwa namna moja: pini inaingia bushi ya kwanza kama siagi, ikifika ya pili inagoma. Ukisikia hivyo usiichukulie nyundo. Tatizo ni mstari, wala si ukubwa.

Bushi nyingine za siku hizi zina utando kama plastiki kwa ndani, na nyingine zimetengenezwa zifike kipimo zenyewe baada ya kushindiliwa. Hizo hazipitishwi rima kabisa. Soma karatasi iliyokuja na seti. Mafundi wengi tunaitupa pamoja na boksi.

Halafu jua. Gereji zetu nyingi ni mwarobaini mmoja na uwanja. Mwezi wa 10 na wa 11, stabu ikilala juani saa nane mchana hushikiki bila kitambaa. Chuma cha stabu kikipata moto nyuzi 30 zaidi ya pini iliyokuwa kivulini, shimo la milimita 40 linafunguka kwa karibu 0.015. Utakata ukidhani umepata nafasi, usiku kila kitu kikipoa, nafasi imepungua. Weka vyote kivulini, ukanywe chai, urudi upime.

Bushi inakwama au inachubuka kwenye presi

Hapa mafuta ndiyo yanayoamua, na yanaharibu kwa njia mbili: yakikosekana na yakizidi.

Bushi kavu ikisukumwa kwenye chuma kikavu inashika. Sikiliza presi. Bushi inayoingia vizuri iko kimya, mkono wa presi unazidi kuwa mzito polepole bila kuruka. Kavu inapiga "tak... tak...", inasimama, inaruka, inasimama. Kila mruko ni kipande cha shaba kimeng'oka na kubandikwa kwenye ukuta wa stabu. Ukiendelea kusukuma, kibandiko kile kinachimba mfereji kwenye bushi nzima, na ndani yake unapata uvimbe ambao rima itaukata upande mmoja tu. Ukisikia mlio wa pili, simama. Toa bushi, usafishe stabu, uanze na bushi nyingine. Hasara ya bushi moja naivumilia, ila stabu iliyochimbika ni habari nyingine.

Mafuta yakizidi nayo yana balaa lake. Mafuta hayabanwi. Nimekuta kifuniko cha chini cha stabu kimeachwa mahali pake, shimo limemiminiwa oili, bushi inasukumwa kutoka juu. Ikafika robo tatu ikagoma kabisa, presi inalia. Kijana aliyekuwa anasukuma akaongeza nguvu, mdomo wa bushi ukapinda ndani. Oili ilikuwa imefungiwa chini haina pa kutokea. Ni hivyo hivyo ukijaza grisi kwenye shimo kabla ya kupitisha pini: pini inafanya kazi ya bomba la sindano, inasukuma kifuniko kinafyatuka.

Ninavyofanya mimi: natoa vifuniko vyote. Nasugua shimo la stabu kwa brashi na mafuta ya taa mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Nalainisha ukingo wa shimo kwa tupa laini, kwa sababu ukingo mkali unanyoa shaba kama kisu. Kisha nachovya ncha ya kidole kwenye oili safi ya injini, napaka nje ya bushi utando unaong'aa tu, usiochuruzika. Kidole kimoja kinatosha bushi mbili. Grisi situmii hapo, inajikusanya kwenye mifereji ya bushi na kuziba tundu la grisi.

Kuna vijana wanatumia mafuta ya alizeti, maana mkoa huu hayakosekani. Kwa kushindilia yatateleza kweli. Lakini tazama ubavu wa kikaango cha mama lishe, ule utando wa kahawia unaonata hata ukisugua kwa majivu. Hayo ndiyo mafuta ya alizeti yakikaa na joto na hewa. Yakiingia ndani ya bushi, baada ya wiki kadhaa unayo gundi badala ya kilainishi. Yaacheni jikoni.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni friza. Jirani yangu anauza barafu, naye kanizoea. Bushi ya shaba ya milimita 45 ikishuka kutoka nyuzi 30 mpaka 18 chini ya sifuri, inasinyaa karibu 0.04. Katika ule mfano wa kubanana kwa 0.06, umepunguza theluthi mbili ya mapambano bila kupiga kitu. Ila iwe ndani ya mfuko uliofungwa isipate maji, na ukiitoa usisimame kusalimia mtu. Imo mkononi inapata joto kila sekunde.

Kushindilia kwenyewe, tumia chuma cha kusukumia chenye bega: kiuno kinaingia ndani ya bushi, bega linakaa kwenye mdomo wake. Mwombe fundi wa mashine ya kuchonga akuchongee, utakitumia miaka. Nyundo moja kwa moja kwenye mdomo wa shaba inaufanya uchanue kama ua.

Grisi haipiti

Unapampu, nipeli (kile kimdomo cha kuingizia grisi) inasukuma bunduki ya grisi nyuma, grisi inatoka pembeni mwa nipeli yenyewe. Kwanza badilisha nipeli, ni kitu cha bei ndogo na huziba kwa vumbi lililokaukia mdomoni. Kama bado, fungua nipeli uingize waya mwembamba. Waya ukigonga shaba, umepata jibu: tundu la bushi halijaangaliana na tundu la stabu. Hakuna namna ya kuizungusha bushi ikiwa imeshashindiliwa. Wengine wanatoboa kwa drili kupitia tundu la nipeli. Inawezekana, lakini pini iwe imetolewa, na chembe zote ziondolewe, mifereji ioshwe. Ukitoboa pini ikiwa ndani umeandika kovu juu yake.

Kuepuka haya ni rahisi: kabla ya kushindilia, chora mstari kwa kalamu ya alama juu ya bushi ulipo usawa wa tundu, na mwingine juu ya stabu. Mistari iende pamoja mpaka mwisho. Niliwahi kununua seti ambayo bushi moja haikuwa na tundu kabisa, na nikaligundua hilo gari likiwa limeshashuka chini. Tangu siku hiyo napuliza kila bushi tunduni mara tu nikiitoa kwenye nailoni.

Tatizo la pili ni la kimya zaidi, na linaua kingipini nyingi kuliko lile la tundu. Gari liko chini, uzito wote umelala kwenye pini, upande mmoja wa pini umegandamizwa kwenye shaba. Ukipampu, grisi inapita palipo rahisi, upande ulio wazi, inatokeza nje, wewe unaridhika. Upande unaobeba mzigo haukupata kitu. Inua ekseli kwanza, pampu, geuza gurudumu kushoto mwisho na kulia mwisho, pampu tena mpaka grisi ya zamani itoke yote na mpya ionekane. Grisi ya lithiamu namba 2 inatosha kwa kazi hii. Usichanganye na aina nyingine usiyoijua kwa kuwa tu imebaki kopo moja, nyingine zikikutana zinakuwa maji.

Pini imelika, bushi bado nzima

Hili linawachanganya watu. Shaba ni laini, pini ni chuma kilichotiwa ugumu. Iweje kigumu kiishe kabla ya laini?

Udongo wetu huku kati umetokana na miamba ya graniti, ile mliyoizoea kuiona imesimama mabonge kwenye vilima. Ikisagika inaacha mchanga wa kwati, na kwati ni ngumu kuliko hata ile pini. Sili, mpira unaozuia vumbi lisiingie, ikipasuka, vumbi la njia ya Chemba linaingia kwenye grisi. Punje ikifika kati ya pini na shaba, inajizamisha kwenye kilicho laini. Shaba inaikumbatia, ncha ikiwa nje. Kuanzia hapo bushi yako imegeuka tupa, na inachoisaga ni pini. Toa pini ya namna hiyo uipitishe ukucha: utahisi mistari myembamba inayozunguka, na bushi ukiimulika kwa tochi kwa upande utaona vidoti vinavyometameta.

Kubadilisha pini na kuacha bushi kwa sababu "bado inalipa" ni kuweka pini mpya ndani ya tupa ile ile. Badilisha vyote, pamoja na sili.

Na kwa sababu hiyo hiyo, msasa usiingie ndani ya bushi ya shaba. Najua unavyofanyika, kwa sababu niliufanya: kijiti, msasa umezungushiwa, unasugua mpaka pini iingie. Miaka yangu ya mwanzo sikuwa na rima ya saizi ile, mwenye gari alikuwa anasubiri safari ya Babati, nikasugua, nikaosha kwa petroli, ikang'aa. Hazikupita wiki nyingi gari likarudi, pini imechorwa mistari kama niliyoieleza. Punje za msasa zilikuwa zimezama kwenye shaba na petroli haikuzigusa. Nilinunua pini na bushi kwa fedha yangu, na wiki hiyo hiyo nikanunua rima.

Masika ni kesi nyingine. Kuanzia Desemba mpaka Aprili, magari yanayoingia Bahi kwenye mpunga yanapita maji na tope la mbuga. Maji yanaosha grisi na kuacha kutu kwenye pini, rangi ya chai ya rangi. Gari likivuka maji, lipampiwe siku hiyo hiyo, si Jumamosi.

Pini haitoki

Kabla ya nguvu yoyote, hakikisha umetoa ile pini ndogo ya kufungia inayopita ubavuni mwa ekseli. Nimewakuta watu wanapiga kingipini asubuhi nzima na yenyewe imo. Ikishatoka, toa vifuniko vya juu na chini, mwagia mafuta ya kupenya kutu, uache usiku mzima. Siku ya pili tumia presi ya kubebeka. Kamwe usipashe moto vifuniko vikiwa vimefungwa: grisi ikichemka ndani inafyatua kama risasi. Nyundo ya chuma isikutane na pini ya chuma uso kwa uso. Pini ile ni ngumu, inamenyeka vipande, na kipande kimoja jichoni kinatosha. Weka kipande cha shaba katikati, bushi kuukuu iliyopondwa inafaa sana, na uvae miwani.

Inapokaa sawa

Pini safi, imepakwa oili kidogo, inaingia kwa msukumo wa viganja viwili. Ukiiachia kwenye bushi ya juu, haianguki. Inashuka yenyewe polepole, na ukiziba tundu la chini kwa kidole unahisi hewa inakusukuma. Inazunguka kwa vidole vitatu bila kuchagua sehemu. Ukifunga stabu, kabla ya kurudisha tairodi, gurudumu zima ligeuke kwa mkono mmoja toka mwisho mpaka mwisho.

Yule dereva wa Kibaigwa tulimpitishia rima, tukaondoa kama 0.04 kila bushi. Alipogeuza gurudumu lenyewe kwa mkono likiwa bado juu ya mbao, alilirudisha na kuligeuza tena mara nne, tano, bila kusema neno. Kisha akaomba maji anawe.